Utambuzi wa Mwili Majini: Namna Mkufunzi Anavyomsaidia Mwogeleaji Kusahihisha Asichokihisi

Mtu anayejifunza kuogelea akiulizwa kama miguu yake imenyooka, mara nyingi hujibu kuwa imenyooka. Mkufunzi aliyesimama kando yake huona jambo jingine: magoti yamekunjwa, nyonga zimezama na kichwa kimeinuliwa juu ya maji. Mwanafunzi huyo hasemi uongo. Anaeleza kwa uaminifu kile anachokihisi, ila hisi yenyewe imekosea. Pengo lililopo kati ya kile mwili unachofanya na kile mwenye mwili anachodhani unafanya ni chanzo kikubwa cha makosa ya kuogelea. Pengo hilo pia hueleza kwa nini mtu anaweza kurudia zoezi lilelile kwa miezi mingi bila kupiga hatua.

Makala haya yanaeleza maana ya utambuzi wa mwili, sababu zinazoufanya uvurugike majini, na namna mkufunzi anavyoweza kuujenga upya. Yanaeleza pia tahadhari ambazo mhudumu wa afya anapaswa kumpa mgonjwa anayetaka kujifunza kuogelea, au aliyeshauriwa kufanya mazoezi ndani ya maji.

Kwa nini jambo hili lihusu afya

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Karibu nusu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 30, na takriban robo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika mwaka huohuo wa 2021, Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama. Miongoni mwa hatua ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza ni kuwafundisha watoto wa umri wa kwenda shule stadi za msingi za kuogelea, usalama majini na uokoaji usiohatarisha maisha ya mwokoaji.

Watanzania wanazikumbuka ajali kubwa za vyombo vya majini: MV Bukoba katika Ziwa Victoria mwaka 1996, MV Spice Islander katika mkondo wa Unguja na Pemba mwaka 2011, na MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018. Hata hivyo, kuzama hakuhitaji meli wala bahari. Kata ya Msimbu, wilayani Kisarawe, iko katika Mkoa wa Pwani lakini haiko ufukweni. Wilaya ya Kisarawe haigusi bahari. Katika maeneo ya namna hiyo hatari huwa karibu na nyumbani: kisima kisichofunikwa, shimo lililochimbwa likajaa maji ya masika, bwawa la kunyweshea mifugo, au kijito kinachofurika kwa saa chache kisha kikapungua. Mtoto wa bara husafiri pia. Siku atakapopanda boti au kwenda ufukweni na wenzake, maji hayatauliza amekulia wapi.

Hisi inayomwezesha mtu kujijua

Watu wengi hufundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu. Ipo hisi nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni ile inayomjulisha mtu mkao na mwendo wa viungo vyake. Kwa hisi hiyo mtu hupeleka tonge kinywani gizani bila kukosea, na hupanda ngazi bila kuitazama kila hatua.

Hisi hiyo hutokana na vipokezi vidogo vilivyomo mwilini. Vilivyo ndani ya misuli hupima urefu wa msuli na kasi ya kuvutika kwake. Vilivyo katika kano hupima nguvu inayotumika. Vilivyo katika maungio na ngozi huongeza taarifa kuhusu pembe ya kiungo, mguso na mgandamizo. Taarifa hizo hupita katika neva na uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, ambako huunganishwa na taarifa za macho na za sikio la ndani, ambalo hutambua mwelekeo wa kichwa na mizani ya mwili. Serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, hulinganisha tendo lililokusudiwa na tendo lililofanyika, kisha hurekebisha.

Wahudumu wa afya huipima hisi hii mara kwa mara. Mgonjwa hufumba macho, mhudumu hushika pande za kidole gumba cha mguu na kukisogeza juu au chini, kisha humwuliza kimeelekea wapi. Mtu mwenye afya hujibu bila shida. Aliyeathiriwa neva na kisukari cha muda mrefu, au aliyepata kiharusi, anaweza kushindwa kabisa.

Ubongo una tabia moja muhimu kwa mada hii: mkao uliozoeleka huhisiwa kuwa ndio mkao sahihi. Mwigizaji wa Australia, F. M. Alexander (1869–1955), aligundua jambo hilo alipokuwa akipoteza sauti kila alipokariri jukwaani. Alijitazama kwenye vioo akaona kuwa alikuwa akivuta kichwa nyuma kila alipoanza kutamka. Alipojaribu kukipeleka mbele, alihisi kuwa amefaulu, lakini vioo vilionyesha kuwa bado alikuwa akikivuta nyuma. Tangu hapo alifundisha kwamba hisi ya mtu kuhusu mwili wake haiaminiki mpaka ilinganishwe na ushahidi wa nje. Mwogeleaji hana kioo majini. Kioo chake ni mkufunzi.

Kinachobadilika mtu anapoingia majini

Nchi kavu, hisi ya mwili hutegemea sana uzito. Nyayo hukanyaga ardhi, na mgandamizo huo huujulisha ubongo upande ulio chini. Majini, taarifa hiyo hupungua kwa kadiri mtu anavyozama. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wa kawaida. Yakifika kifuani, hubeba kama theluthi moja. Yakifika shingoni, hubeba takriban sehemu moja tu ya kumi. Anapolala juu ya maji, nyayo hazikanyagi chochote.

Macho nayo hupoteza sehemu ya msaada wake. Anayeogelea kifudifudi hutazama chini na hawezi kuiona miguu wala mgongo wake. Masikio yamejaa maji na sauti hazieleweki. Aidha, maji ni mazito zaidi ya hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo kila mkono unaosogezwa hukutana na ukinzani ambao ubongo haujauzoea.

Juu ya hayo yote kuna hofu. Mtu anayeogopa hukaza shingo, hupandisha mabega, hubana pumzi na hukunja vidole. Misuli iliyokazwa yote kwa pamoja hutuma kelele nyingi kwenye ubongo, na tofauti ndogondogo za mkao hazisikiki tena, kama mtu anayejaribu kusikia mnong’ono katikati ya ngoma. Kwa sababu hiyo, mkufunzi mwenye ujuzi haanzi na mikono wala miguu. Huanza na utulivu na pumzi.

Kichwa, mapafu na nyonga

Mfano wa kichwa na nyonga huonyesha vizuri namna utambuzi wa mwili unavyobadilisha uogeleaji. Mapafu yaliyojaa hewa hukiinua kifua. Miguu, ambayo ina misuli na mifupa mingi na haina hewa, huelekea kuzama. Mwili wa mwogeleaji ni kama mzani ambao kifua ndicho kitovu chake. Anapoinua kichwa ili atazame mbele, upande wa pili hushuka: nyonga huzama, miguu hufuata, na mwili mzima husimama kama breki dhidi ya maji. Mwogeleaji huhisi miguu inazama, hivyo hupiga teke kwa nguvu zaidi. Huchoka, hukosa pumzi, na huinua kichwa zaidi ili apate hewa. Hapo kosa moja huwa limezaa makosa matatu.

Mwanafunzi huyo akiambiwa tu “inua miguu”, hatafanikiwa, kwa kuwa tatizo haliko miguuni. Akiambiwa “shusha kichwa”, atakishusha kidogo na kuhisi kuwa amekishusha sana. Inambidi ahisi uhusiano uliopo kati ya kichwa na nyonga, na hisi hiyo haipatikani kwa maelezo pekee.

Namna mkufunzi anavyoujenga utambuzi

Njia ya kwanza ni mkono. Mkufunzi huweka kiganja chini ya kisogo cha mwanafunzi aliyelala chali, na kingine chini ya mgongo karibu na kiuno. Mguso huo humpa mwanafunzi kituo cha kupimia: anajua kisogo chake kiko wapi kwa sababu kuna mkono pale. Taratibu mkufunzi hupunguza msaada, kutoka viganja viwili hadi vidole viwili, kisha huondoa mkono huku akiendelea kusema kwa sauti tulivu. Kabla ya kugusa, mkufunzi hueleza atakapogusa na sababu yake, na huomba ridhaa. Kwa watoto, mzazi au mlezi hujulishwa na mafunzo hufanyika mbele ya watu wengine.

Njia ya pili ni ulinganisho. Mwanafunzi huelekezwa kufanya kosa kwa makusudi. Huelea kifudifudi akiwa ameinua kidevu, kisha huelea akiwa ametazama chini. Baadaye huulizwa: nyonga zilikuwa wapi mara ya kwanza, na mara ya pili? Ubongo hujifunza tofauti kwa urahisi kuliko unavyojifunza amri.

Njia ya tatu ni swali linalotangulia jibu. Badala ya kumwambia mwanafunzi mara moja alichokosea, mkufunzi humwuliza kwanza alihisi nini, kisha humweleza alichokiona. Mwanafunzi akisema, “Mkono wangu uliingia majini mbele ya bega,” na mkufunzi akasema, “Uliingia mbele ya pua,” pengo limejulikana. Baada ya kurudia mara kadhaa, majibu ya wawili hao huanza kukaribiana. Hapo utambuzi umeanza kukua, na mwanafunzi ataweza kujisahihisha hata mkufunzi akiwa mbali.

Njia ya nne ni uteuzi wa maneno. Mtu anaweza kudhani kuwa utambuzi wa mwili ni kuwaza kila kiungo muda wote. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waogeleaji wa kiwango cha kati waliogelea kwa kasi zaidi walipoelekezwa kufikiria kuyasukuma maji nyuma kuliko walipoelekezwa kufikiria kuvuta mikono yao nyuma. Tendo ni lilelile, lakini akili iliyoelekezwa kwenye maji iliuacha mwili ufanye kazi yake bila kujikaza. Kwa hiyo mkufunzi huchunguza kiungo wakati wa zoezi la polepole, ila wakati wa kuogelea kamili hutoa neno moja fupi linalohusu maji: “sukuma maji,” “lalia maji,” “pita kwenye tundu dogo.” Neno moja kwa kila safari linatosha. Maneno matano huzamisha.

Mfano wa Zanzibar

Kwa miaka mingi, wasichana wengi wa visiwani wameishi hatua chache kutoka baharini bila kujua kuogelea, kwa sababu za stara na kwa kukosa wakufunzi wa kike. Mradi wa Panje wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, umewafundisha watoto na wanawake kuogelea na kuokoa, na umewapatia wasichana mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima ili wajifunze bila kuvunja maadili yao. Picha zilizopigwa huko mwaka 2016 na mpigapicha Anna Boyiazis zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Miongoni mwake imo picha ya mkufunzi wa kike akimsaidia msichana kuelea.

Mfano huo una mafunzo mawili kwa wataalamu wa afya. La kwanza ni kwamba vifaa ghali si sharti la kuanza; kinachohitajika ni maji salama, mavazi yanayokubalika na mkufunzi aliyefunzwa. La pili ni kwamba kuaminiana ni sehemu ya tiba ya hofu. Msichana anayemwamini mwenye mkono ulio chini ya kisogo chake hulegeza shingo, na shingo ikilegea mwili huelea.

Kuanza nchi kavu

Kutokuwepo kwa bwawa la kuogelea katika kijiji hakuzuii hatua za awali. Kwa mkazi wa Msimbu, kazi inaweza kuanzia nyumbani au katika uwanja wa shule.

Zoezi la kwanza ni la macho yaliyofumbwa. Mtu huinua mikono mpaka anapodhani iko sawa na mabega, na mwenzake humwambia ilipo kweli. La pili ni kusimama kwa mguu mmoja, macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, karibu na ukuta wa kujishikiza. La tatu ni kulala chali kwenye mkeka na kuukaza kisha kuulegeza mwili sehemu baada ya sehemu, kuanzia vidole vya miguu hadi uso, ili mtu ajue tofauti ya msuli uliokaza na uliolegea. La nne ni la pumzi: mtu huvuta hewa kwa kinywa, huinamisha uso ndani ya beseni la maji safi, na kutoa hewa taratibu kwa pua na kinywa mpaka mapovu yaishe. Zoezi hili huondoa tabia ya kubana pumzi, ambayo huacha hewa chafu ya kaboni irundikane mwilini na kuleta hisia ya kukosa hewa hata kabla ya kuchoka. Mtoto afanye zoezi hili mbele ya mtu mzima, na beseni limwagwe mara baada ya zoezi, kwani mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache.

Hatua zinazofuata hufanyika katika maji yasiyozidi kiuno, chini ya mkufunzi: kutembea, kuchutama, kuelea chali, kuelea kifudifudi, kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali, kisha kuteleza baada ya kujisukuma kutoka ukutani. Mitindo ya mashindano huja mwishoni. Kwa usalama wa maisha, stadi yenye thamani kubwa kuliko zote ni kugeuka chali, kuelea na kupumua. Mtu mwenye stadi hiyo hununua muda mpaka msaada ufike.

Tahadhari kwa wagonjwa

Mwenye kifafa asiingie majini bila ushauri wa daktari na bila mtu mzima anayejua kuokoa akiwa kando yake kwa wakati wote, kwa kuwa degedege likimpata majini anaweza kuzama bila kelele. Mwenye selimundu aepuke maji baridi na kuchoka kupita kiasi, ajikaushe upesi na anywe maji ya kutosha, kwani baridi huweza kuchochea maumivu makali. Mwenye kisukari apime sukari kabla ya mazoezi, awe na kitu chenye sukari karibu, na akague nyayo baada ya kutoka. Mwenye ganzi huweza kukatwa na chupa au kombe asijue. Aliyetoboka ngoma ya sikio au anayetoka usaha sikioni asubiri kibali cha mtaalamu. Aliyepata kiharusi au mwenye maumivu sugu ya mgongo anaweza kunufaika na mazoezi ya majini, kwa sababu maji humpunguzia uzito, lakini aanze chini ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Maji baridi ya mito, mabwawa na madimbwi yenye konokono yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya kwenye ngozi. Bahari na bwawa lililotiwa klorini ipasavyo havina hatari hiyo. Mtu aliyeoga katika maji ya namna hiyo na akaona damu kwenye mkojo afike kituo cha afya; dawa ya prazikwanteli hutibu. Kwa sababu hii pekee, dimbwi la kijiji halifai kuwa darasa.

Waogeleaji wazoefu nao wanaonywa wasivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kupiga mbizi. Tendo hilo hupunguza hewa ya kaboni mwilini, huondoa onyo la kutaka kupumua, na mtu huweza kupoteza fahamu chini ya maji bila dalili.

Nafasi ya mhudumu wa afya

Katika kliniki ya mtoto, mhudumu anaweza kumwuliza mzazi maswali matatu: kisima cha nyumbani kimefunikwa? Nani humwangalia mtoto wakati wa kuchota maji? Mtoto mkubwa amefundishwa kuelea? Katika mikutano ya kijiji, anaweza kufundisha kwamba aliyezama na asiyepumua ahitaji hewa kwanza: apuliziwe pumzi, kisha abanwe kifua kwa mfululizo huku msaada ukitafutwa. Kumning’iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke hupoteza muda na huongeza hatari ya kutapika na kupaliwa. Asiyejua kuokoa asijitupe majini; arushe kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au anyooshe mti mrefu.

Utambuzi wa mwili hauna mwisho, na hata waogeleaji wa Olimpiki bado huhitaji jicho la kocha. Kwa mtoto wa Msimbu lengo ni la karibu zaidi. Akiteleza na kuanguka majini, ajue bila kufikiri kichwa chake kiko wapi, alegeze shingo, ageuke chali, avute pumzi na kusubiri. Ujuzi huo huanza kwa mkono wa mtu mwingine chini ya kisogo chake, na hukamilika siku mkono huo unapoondolewa naye akabaki akielea.